Maksai wa Wote

Asubuhi nyumbani kwa Eleuterio ilianza na maji ya sukari. Kahawa ilikuwa ya Jumapili tu, tena nusu yake njegere za kukaanga. Mkewe Zenaida alikuwa amefariki mwaka uliopita. Sasa aliyekoroga sukari alikuwa binti yao, Yamilé.

"Baba, kunywa. Leo ni zamu yako ya maksai."

"Zamu! Hata kuzimu nitakuta orodha ya zamu, na Orestes ndiye atakayeibandika."

Orestes alikuwa katibu wa ushirika wao wa Los Güiros. Mwaka ule meli za mafuta zilikuwa zimeacha kuja Kuba. Matrekta yalilala bandani na kuku wakatagia kwenye viti vyake. Ndipo ushirika ukapewa maksai wawili, Lucero na Bandolero. Wakubwa wakaamua hivi: maksai ni mali ya wote, basi kila mwanachama awaongoze siku moja. Wanachama walikuwa ishirini na wawili. Huo ndio usawa, walisema wakubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika plau.

Eleuterio alimjua Lucero tangu akiwa ndama, alipozaliwa hapohapo Los Güiros. Mama wa ndama huyo alipokufa, Zenaida ndiye aliyemlea kwa chupa, akimpa maziwa na maji ya sukari. Kwa sababu hiyohiyo Eleuterio hakupenda kumkaribia. Akimwona tu, alimkumbuka mkewe, akageuza njia.

Siku hiyo alikuta ndoo ya zizini imekauka. Nyuma ya pembe za Lucero, pale nira inapokaa, palikuwa na kidonda kibichi. Aliwafunga nira, akawaswaga. Lucero alitembea hatua tatu, akapiga magoti.

Orestes alifika kwa baiskeli, jasho likimtiririka.

"Ndugu Eleuterio, huyu ni mgonjwa wa uvivu. Mwisho wa mwezi mkaguzi wa wilaya anakuja. Mnyama asiyefanya kazi atapelekwa machinjioni."

"Na Bandolero atalima peke yake? Mvua inakuja. Tusipolima, viazi vitamu tutapanda wapi, mezani kwako?"

"Hayo siyo maneno yangu. Yametoka juu."

"Ndiyo, kila kitu hutoka juu. Isipokuwa maji ya kunywesha ng'ombe."

Ng'ambo ya ua alikaa Bi Casimira, mwanamke wa miaka sabini mwenye kishamba chake mwenyewe. Baba yake alikuwa mwongoza maksai. Alisikia kelele, akaja na jagi la maji na chumvi kidogo kiganjani.

"Nani alimnywesha jana?" aliuliza.

"Jana ilikuwa zamu ya Ramiro. Ramiro anasema maji ni kazi ya mwenye zamu ya leo."

"Na wewe wa leo ungesema ni kazi ya wa jana. Haya, Bandolero anafungwa upande gani?"

"Leo kushoto. Jana sijui."

Bi Casimira alishika kiuno. "Mungu wangu! Maksai hujifunza upande mmoja, na haubadilishwi. Hujifunza sauti moja. Nyinyi mna sauti ishirini na mbili, wengine walevi! Na mto wa kitambaa uko wapi? Nira haikai juu ya ngozi tupu. Wewe ungevaa kiatu chenye msumari?"

Eleuterio aliketi juu ya nira. "Ujamaa hauwezekani, Bi Casimira. Cha wote hakina mwenyewe."

"Yamilé alikuwa wa nani?"

"Wetu. Wangu na Zenaida."

"Wenu wote wawili. Je, alilala njaa?"

"Hata siku moja."

"Kwa nini? Kwa sababu mama alijua kazi yake, na wewe ulijua yako. Hamkupeana zamu ya kunyonyesha!"

Eleuterio alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Jioni wanachama walikutana, na Eleuterio akapendekeza kila mtu apewe kazi yake moja ya kudumu. Orestes alisema orodha haiwezi kubadilishwa bila kibali.

"Basi ilinde orodha yako," alisema Ramiro. "Kidonda tutakitibu sisi. Na maji ya jana, kosa ni langu."

Walipiga kura kwa mikono. Orestes alikuwa wa mwisho kuinua wake, tena nusu. Eleuterio na Yamilé waliachiwa kuongoza. Ramiro alipewa maji, mara tatu kwa siku. Wengine walikata vilele vya miwa kwa lishe. Akina mama walishona mito ya nira kwa magunia. Kila kazi ilikuwa na jina la mtu, na kila Jumamosi watu walikutana zizini kuuliza nani ameshindwa na nini.

Lucero alipumzishwa wiki mbili. Bi Casimira alimfundisha Eleuterio kuosha kidonda kwa maji ya chumvi, kufunga nira alfajiri na kuifungua kabla jua halijawa kali. "Na muite kwa jina," alisema. "Usimtukane. Matusi tuwawekee wa juu."

Siku za kwanza sauti ya Eleuterio ilikwama. Jina lile lilikuwa limezoea mdomo wa Zenaida. Kisha ikalegea.

Mkaguzi alipofika, robo tatu ya shamba ilikuwa imelimwa. Orestes alimweleza kwamba huu ni mpango mpya wa ofisi. Watu walitazamana, wakamwachia sifa hizo. Mkaguzi akataka kupigwa picha akiongoza. Alishika kamba.

"Twende!"

Maksai walisimama kama ukuta. Alivuta, akapiga kelele, kofia ikaanguka.

Kutoka mwisho wa tuta Eleuterio aliita, bila kupaza sauti: "Lucero. Bandolero. Haya, wanangu."

Nira ikalia. Plau ikaingia ardhini. Mkaguzi aliikimbilia kofia yake kabla haijafukiwa. Habari ya machinjio haikutajwa tena.

Baada ya miezi minne walichimba viazi vitamu. Kila nyumba ilipata magunia yake, hata ya Orestes, naye alikuja kuyabeba mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Yamilé alikoroga sukari.

"Baba, kunywa."

Eleuterio alikunywa nusu. Kikombe chenye nusu iliyobaki alikishika kwa uangalifu, akavuka ua nacho kuelekea zizini kwa Lucero.

"Baba, hicho ni kifungua kinywa chako!"

"Yeye alizoeshwa na mama yako," alijibu. "Mimi nimejifunza juzi tu kumgawia."