Jioni Nilipomwita Mke Wangu Muuaji

"Mwanabibi, umenitilia nini kwenye uji?"

Nilisema hivyo nikiwa chini, shavu kwenye mkeka, kifua kimebana kama kimekazwa kamba... na mlango u wazi, majirani wote wasikia!

Mke wangu alikuwa amesimama juu yangu. Upawa bado u mkononi.

Wasomaji wangu, nimevuka themanini sasa. Naandika kwa simu ya mjukuu wangu, herufi zimekuzwa mpaka maneno matatu tu yaenea kwenye kioo. Nivumilieni.

Ilikuwa 1986, Malindi. Ramadhani iliangukia Mei, mvua za masika zanyesha.

Jina langu Awadh. Nilikuwa mtu wa kuzurura. Nimepakia malori kutoka Garsen mpaka Taveta, nimepikia kambi za wapima ardhi, shule nimesoma vipande vipande. Sikuwahi kukaa mahali miaka miwili... mpaka macho yakanikamata.

Presha ya macho.

Kama huijui, chukua bomba, tazama kwa ndani yake, kisha utembee mjini. Pembeni hakuna kitu. Mbuzi, baiskeli, mtu anayekusalimu, vyote vyazuka ghafla. Safari zikaisha. Nikawa mtu wa chumba kimoja na kuta nne.

Daktari wa macho Mombasa alinipa kichupa cha matone. Tone moja asubuhi, moja jioni, kila jicho. Kilichopotea hakirudi, akasema, lakini dawa hii italinda kilichobaki. Akauliza kama nina pumu.

Nikasema sina.

Nilikuwa nayo tangu utotoni! Lakini kwenye malori ukisema kifua chako kibovu hupandi, na ulimi wangu ulishazoea kukana.

Basi Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nikatia tone la asubuhi, mara uchungu ukashuka kooni. Nikatangaza barazani kwamba dawa ya macho yafunguza, mwenye saumu asiiguse mchana. Yangu nikaihamishia jioni.

Mwanabibi alikuwa akiuza futari mlangoni petu. Kaimati, mahamri, viazi vya karai. Nusu ya mtaa ilifuturu kwa mkono wake.

Wiki haikuisha, kila jioni baada ya kufuturu, kichwa chazunguka, pumzi yapiga filimbi. Badi, jirani wa mlango wa pili, akanitania kwamba mke akichoka na kipofu humpunguza polepole kwa chakula. Ulikuwa utani tu. Lakini mtu aliyefungiwa ndani hana kazi ila kuyatafuna maneno. Nikayatafuna siku nne.

Ya tano ndiyo ile niliyoanguka, nikasema nililosema.

Kesho yake sinia la Mwanabibi lilibaki limejaa. Hata watoto waliitwa wasipite karibu.

Mimi nikahamia kwa dada yangu Shekha, Mambrui. Nikajiona nimetoka mtegoni. Jioni hiyo chungu nilikinusa, maji niliteka mwenyewe. Nikafuturu kwa moyo mweupe.

Robo saa haikufika... nikaanguka tena!

Pumzi ilikataa kabisa. Fikiria umefungiwa sandukuni, na sanduku lenyewe ni mwili wako. Shekha alinibeba na majirani mpaka zahanati. Daktari pale alikuwa Laban, kijana wa bara, mpole. Akanidunga sindano, akanishika mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akakunja uso. Yalikuwa machache mno.

Asubuhi Mwanabibi akafika. Shekha ndiye aliyemwita. Alimwambia: "Wifi, ameanguka kwangu. Sasa mimi nawe tu wauaji wawili."

Laban alikuwa akiniuliza kuna nini kingine kinachoingia mwilini mwangu.

"Hakuna, daktari. Chakula na maji tu."

Mwanabibi akatia mkono mfukoni mwa shati langu, akatoa kile kichupa.

"Na hii?"

"Hiyo ya macho. Haiingii mwilini."

Akanitazama.

"Mchana yafika kooni mpaka yafunguza. Jioni haiingii mwilini. Dawa gani hii, bwana, yenye saa za kazi?"

Laban akakipokea kichupa, akakisoma.

Akauliza natia matone mangapi. Nikamwambia matano kila jicho. La asubuhi, la jioni, na matatu ya kufidia mchana wote bila dawa, maana niliogopa upofu kuliko kaburi.

"Mzee, una pumu?"

Safari hii nikasema kweli.

Akakaa chini, akanieleza kama mtoto. Tone huteremka kwenye pembe ya jicho, likapita puani, kooni, likaingia kwenye damu. Dawa ile hupunguza mwendo wa moyo, na mwenye pumu humbana kifua. Ndiyo maana hutiwa tone moja tu. Ukishatia, fumba jicho, bana pembe ya jicho kando ya pua kwa kidole, dakika mbili tatu, dawa ibaki jichoni. Ukisahau la asubuhi, usilirundike juu ya la jioni.

"Lakini wewe na pumu yako, hata hilo moja si lako," akasema. "Wala usikae bila dawa. Macho hayangoji."

Akaandika barua, nikapelekwa Mombasa siku ile ile. Nikapewa matone ya namna nyingine, ya kutia mara nne kwa siku. Kuhusu saumu nilimwendea Sheikh Msellem. Akaniambia jicho si mdomo, na mgonjwa ana ruhusa yake. Swali la kuuliza siku ya kwanza!

Nikamwomba Mwanabibi nirudi nyumbani.

"Macho yako yamepata daktari," akasema. "Mimi na sinia langu tumepata nani?"

Nikaenda barazani, nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia. Badi mwenyewe aliinamisha kichwa. Wateja walirudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi mpaka Idi ikapita.

Mwanabibi alinisamehe. Alisema hivyo, na sikumwona akinuna hata siku moja.

Ila tangu Ramadhani ile, kila akinipakulia, alimega tonge, akala yeye kwanza mbele yangu, ndipo akanisogezea sahani. Miaka thelathini na moja. Nikimwambia, "Mke wangu, basi, wacha," alikuwa akisema amezoea tu.

Ndugu zangu, daktari akikuuliza, mwambie yote. Uongo wangu ulikuwa neno moja, na mwenzangu aliulipia kila mlo mpaka alipokufa.