Ndoo Mbele ya Mashine ya Pesa

Asubuhi ya Jumanne, mwaka ule wa kipindupindu na vita vya Rutshuru, Mama Domitille alikutwa ameketi kando ya barabara ya Birere, mjini Goma, mkono umechubuka, mfuko mtupu. Alikuwa ametoka kuchukua pesa za msaada kwenye mashine ya benki. Kabla hajapata usafiri wa kurudi kambini Kanyaruchinya, pikipiki yenye watu wawili ilimkata njia. Pesa zile zilikuwa turubai la kibanda na unga wa wajukuu wanne. Alikuwa wa sita kuibiwa hivyo mwezi huo.

Kituoni, Kamanda Bagalwa hakutaka kuumiza kichwa. Alikuwa amekwisha kumfungia Ntirenganya, mlinzi wa mashine, mkimbizi wa vita kutoka Bunagana, mji ulioshikwa na waasi.

"Mutu wa Bunagana, kwenye barebele banakamata, anasimama ku mulango ya franga. Unatafuta nini ingine?" alisema. "Saa kumi basoda banakuja kumubeba."

Inspekta Kahambu alijua maana ya kubebwa na wanajeshi kwa jina la uasi. Waliorudi ni wachache, na hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano.

Alianza na Domitille.

"Mama, juu ya nini unasema ni sentinele?"

"Njo yeye tu alinisemesha. Aliniuliza, mama, unatoka wapi? Mulinzi wa benki anatafuta nini na kwetu?"

"Na bale ba pikipiki, balikufwata toka ku mashine?"

"Hapana. Balikuwa banangoja kule Birere. Bamama tulikuwa bengi, bakanichagula miye." Alijigeuza kwa uchungu. "Na kikwembe yangu ya sikukuu imeharibika. Ona mu mugongo."

Kwenye kitambaa cha buluu, chini ya bega, palikuwa na madoa matatu meupe. Kahambu aliikumbuka ndoo ya maji ya klorini ya kunawia mikono pale mashineni, akampigia simu Hilaire, mfanyabiashara aliyeibiwa wiki iliyopita.

"Papa Hilaire, koti ulivaa ile siku iko wapi?"

"Nilimupatia mudogo wangu. Ilipauka mu mugongo, sijue juu ya nini."

Akashuka mahabusu. Ntirenganya alisimama kwa heshima. Mikono ya sare yake ilikuwa bado buluu iliyokoza, mpaka kwenye vifungo.

"Unanawa ku ile ndoo ya klorini?"

"Kila saa, mama."

"Na ndoo iko pale toka zamani?"

"Ilikuwa ku ukuta. Jephté, ule wa usafi, njo aliisogeza mbele ya kioo. Alisema anatafuta kivuli."

Maji yanayomlowesha mlinzi kutwa hayakupausha sare yake. Tena mtu hunawa kwa mbele, na madoa yalikuwa nyuma. Kahambu alivaa sweta jeusi, akaita askari wawili wasio na sare, akaenda mashineni.

Jephté alimkaribisha kwa tabasamu, shati lake jeusi limepigwa pasi. Ndani ya kijumba cha mashine, Kahambu alichukua pesa nyingi makusudi. Alipoinua macho alimwona Jephté wazi kupitia kioo cha mlango. Kwa hiyo na Jephté alimwona.

"Nawa tena, mama," Jephté alimwambia alipotoka. "Kipindupindu haina muchezo."

Kahambu alibana mkoba kwapani, akainama bombani. Jephté akapita nyuma yake. Kahambu alitembea kidogo, akavua sweta. Mgongoni, matone mawili yalikuwa yanageuka rangi ya kutu.

Alirudi, akateka kikombe cha maji ya ndoo, akammwagia Jephté kifuani. Shati lililowa, likabaki jeusi.

"Sasa toa ile kichupa ya mu mufuko. Mimina pale pale."

Foleni nzima iligeuka. Jephté alitoa kichupa cha dawa ya macho, lakini akakifumbata asikimimine.

"Unaangalia franga kupitia kioo," alisema Kahambu. "Mwenye kubeba mingi, unamutia alama ya klorini kali mu mugongo, asiione. Benzako ba pikipiki banamungoja mbali na sentinele."

"Badeplase ba mu kambi banapewa franga kila mwezi," Jephté alisema kwa hasira. "Siye bana ba Goma tunapewa nini? Miezi ine sijalipwa."

"Mama Domitille njo alikukatalia mushahara?"

Askari wawili wakamtia garini. Njiani aliwataja wenye pikipiki.

Saa tisa na nusu Kamanda Bagalwa alitia sahihi Ntirenganya aachiliwe, bila kuinua uso. Gari la wanajeshi lilikuja, likarudi tupu. Kahambu aliirudisha ndoo ukutani, akaagiza kioo kipakwe rangi mpaka juu ya kichwa cha mtu, na foleni isimame mbali na mlango.

Wiki iliyofuata Domitille alirudi na kadi yake. Ntirenganya alimfungulia mlango, akageukia barabara. Safari hii hakumuuliza kitu. Domitille alichukua pesa, akazifunga ndani ya kikwembe, kisha akasimama mbele yake.

"Papa, unatoka wapi?"

"Bunagana, mama."

"Mi ni wa Jomba, pale karibu na kwenu. Ile siku njo nilipaswa kukujibu."