Mji Wote, na Mimi Ndani Yake

Paliondokea foleni ndani ya benki, mkia wake ukatoka mlangoni ukaota jua. Katikati yake alisimama binti mmoja wa gauni la kijani, mkoba umefura vitabu. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya sheria, zile zinazowabana wenye mabenki wasichezee fedha za watu, na mtaani walishamwita Wakili hata kabla hajaapishwa. Siku hiyo alikuja kulipa ada, na kusimama kumemchosha mpaka ulimi.

“Kaka, unahesabu hela au unazisomea dua?” alimwuliza keshia alipofika dirishani.

Keshia, kijana wa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, hakuinua macho. “Nazisomea dua, dada. Zinakwenda chuo kikuu, huko hazirudi.”

Wakili akacheka, uchovu ukamtoka. “Haya, mjuzi. Kitendawili!”

“Tega.”

“Nyumba yangu, watu wakitoka mmoja mmoja inasimama, wakitoka wote pamoja inaanguka.”

“Kanisa? Kichuguu? Nimeshindwa.”

“Basi nipe mji.”

Sasa Keshia aliinua macho. “Chukua mji huu wote, na mimi ndani yake.”

“Nimeufikia mji wako, nimekula, nimekunywa,” alisema Wakili, uso unamwaka. “Jibu ni benki. Unakaa ndani yake huijui! Fedha zetu hazimo humu zote, mmezikopesha. Tukizidai wote leo, mtafunga mlango.”

“Punguza sauti, dada, usije ukaniangushia nyumba!”

Mapenzi yakaanzia hapo, na simu zikawa hazilali.

“Wakili wangu, umekula?”

“Nimekula sura nzima ya sheria za mabenki.”

“Ina chumvi?”

“Haina hata maji. Njoo uniokoe.”

Keshia akampeleka kwa mama yake, fundi cherehani aliyelea watoto kwa sindano. Macho ya mama yalikuwa yakififia, na daktari alishapanga siku ya kuyapasua, ila hospitali ilitaka ilipwe kwanza. Mama hakujali. Alitandaza kitambaa cheupe cha gauni la harusi, akampima Wakili kwa viganja.

“Simama wima, mkwe wangu. Nikikukosea kiuno leo, utanisema maisha yako yote.”

Basi Wakili akapata nafasi ya kufanya utafiti wake katika ofisi inayosimamia mabenki. Kabla hajapewa kiti aliapishwa: atakalosikia humo juu ya benki yoyote lisivuke mlango. Jumanne moja aliitwa kikaoni kuandika yanayosemwa. Mkubwa wa ofisi akataja benki ambayo wenyewe walijikopesha fedha za wateja mpaka zikaisha. “Ijumaa jioni tunaifunga,” akasema. Ilikuwa benki ya Keshia. Kalamu ya Wakili ikasimama.

Jioni simu ikalia.

“Mpenzi, shangilia nami! Kiwanja cha marehemu baba kimenunuliwa. Kesho fedha zinaingia kwetu benki, wiki ijayo nalipa hospitali. Mama atakuona siku ya harusi!”

Wakili akafungua mdomo. Hata angesema tu, “Zipeleke hospitali moja kwa moja,” Keshia angejua, maana alijua ofisi anayokaa. Angemwambia mama, mama amwambie jirani, jirani dada yake, na kesho adhuhuri watu wangekuwa wanavunja vioo. Wenye mbio wangepata, vikongwe wangerudi mikono mitupu. Kitendawili chake kilikuwa kimemrudia nyumbani.

“Mbona kimya?”

“Nimechoka tu, mpenzi.”

“Lala, malaika wangu.”

Ijumaa mnyororo ukazungushwa mlangoni. Watu walilia pale barabarani kama msibani. Sheria aliyoisoma Wakili iliwaahidi wateja wadogo wadogo sehemu ya fedha zao, lakini baada ya miezi. Macho hayana subira hiyo. Aliuza kompyuta yake, akakopa kwa dada yake, havikufika hata nusu. Siku ya daktari ikapita.

Kisha Keshia akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Redioni wamesema iliamuliwa Jumanne. Ulijua?”

“Nilijua.”

“Mimi nilikupigia Jumanne.”

“Ndiyo.”

Simu ikakatika, na haikulia tena mpaka majira yalipobadilika, Keshia alipomwita nyumbani. Wakili alikwenda mbio, moyo mkononi.

Mama alikaa mbele ya cherehani, macho wazi, hayaoni. Alimpapasa usoni. “Mkwe, umevaa lile la kijani?”

Wakili alikuwa amevaa la kijivu. “Ndiyo, Mama.”

“Linakupendeza. Huyu hataki kuniambia mmegombania nini, nami siulizi.”

Keshia akamsindikiza kizingitini, amembebea lile gauni jeupe, pini bado zimo pindoni.

“Nimekaa miezi nakutafutia kosa,” alisema. “Sikulipata. Ungeniambia, ningesema, na wale wazee wa nyuma ya foleni wangekosa hata hicho kidogo. Ulifanya sawa.”

“Basi rudi kwangu.”

“Kitendawili.”

Wakili akamsogelea. “Tega.”

“Aliyenikosea, namsamehe. Asiyenikosea, nami nimeumia, nimsamehe nini?”

Akatafuta jibu katika vitabu vyote alivyosoma. Hakuliona. “Nimeshindwa.”

“Nipe mji.”

“Chukua mji huu wote,” alisema Wakili, machozi yanamtiririka, “na mimi ndani yake.”

Keshia akatikisa kichwa. “Mji ni wako tangu siku ile, mpenzi. Mimi ndiye ninayetoka.”

Ndani mama aliita atungiwe uzi, Keshia akamwachia gauni mikononi, akaenda. Wakili akalikumbatia gauni, pini zikamchoma, asizitoe. Benki yataka watoke wengi ndipo ianguke. Nyumba yake yeye aliiangusha mtu mmoja, tena kwa kutoka polepole.