Kitanda cha Ragna

Mvua ilikuwa inanukia upande wa Mlima Elgon jioni hiyo, na Dinah alikuwa ametumwa kitu kidogo tu: kufunga madirisha ya ile nyumba ya mbao. Basi. Afunge, arudishe ufunguo, aende zake.

Lakini mtoto mgongoni alikuwa akilia. Tangu juzi analia, ziwa hataki, usingizi hataki, na mama mkwe wake, Sellah, alikwisha kusema huku akisonga ugali: "Huyu anataka jina. Kuna mtu wetu amemfuata. Tutawataja wafu wetu mmoja mmoja, na yule atakayemnyamazisha, ndiye."

"Ati wafu, Mama? Si ni tumbo tu."

"Haya, mwalimu. Lifundishe hilo tumbo linyamaze."

Nyumba ile Memsabu Solveig na wanawe walikuwa wameifanya makumbusho ya wazee wao, waliotoka Norwe kwa meli wakapanda hadi Kitale kwa magari ya ng'ombe. Jumapili wazungu walikuja kutazama masanduku yaliyochorwa maua, mbao ndefu za kutelezea barafuni, gauni la sufu lenye vifungo vya fedha. Na pembeni, kitanda kidogo cha mtoto, chekundu, chenye miguu ya kupinda. Hicho Memsabu alimkataza Dinah siku ya kwanza kabisa ya kazi. "Ile hapana gusa. Hapana weka kitu ndani. Wewe nasikia?"

Dirisha la kwanza. La pili. La tatu likakwama, linataka mikono miwili na nguvu za mgongo, na mtoto anapiga kelele sikioni, anajinyonga, anateleza kwenye shuka... Dinah akatazama huku na huku. Sakafu ilikuwa baridi. Ni kidogo tu. Memsabu ataonea wapi?

Akamlaza kitandani.

Kwata... kwata... Kitanda kikaanza kubembea. Labda ni uzito wa mtoto. Labda. Dinah akainama kumtuliza, akaona maandishi ubaoni, juu ya kichwa cha mtoto. Na mtu aliyesoma sekondari hapiti herufi bila kuzisoma. Akasoma kwa sauti.

"Ragna."

Mtoto akanyamaza.

Papo hapo. Kama amezibwa mdomo. Harufu ikajaa chumbani, ya chumvi na sufu iliyolowa, kisha baridi... baridi ambayo hata Elgon haina. Pumzi ya mtoto ikatoka nyeupe kama moshi. Macho wazi, lakini hayamtazami mama yake. Yanatazama mlangoni.

Memsabu alikuwa amesimama pale.

"Nani naita yeye?" akanong'ona.

"Ni mimi, Memsabu. Nilisoma tu. Nisamehe, toto alikuwa analia..."

"Ragna dada yangu. Nakufa kwa meli. Baba natupa yeye kwa maji." Yule bibi kizee akasogea, mkono mdomoni. "Hapana mtu naita yeye tena. Mpaka leo."

Dinah akamnyakua mwanawe, akakimbia mvuani.

Nyumbani mtoto alipoona njaa alilia upya, na Sellah akawaita wafu wa ukoo. "Nasimiyu!" Mtoto akatema ziwa. "Nekoye!" Akatema. "Namarome!" Akatema, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Kuna mtu amewatangulia wafu wetu," Sellah akasema polepole. "Mama toto, ulimwita nani?"

Dinah akamvuta mwanawe kifuani. Maziwa yalimchuruzika, na kifua cha mtoto kilikuwa kinaishiwa pumzi. Angefanyaje? Akamwinamia sikioni. Akalitaja lile jina la ubaoni, chini chini.

Mtoto akashika ziwa. Midomo yake baridi kama maji ya kisima.

Nje, mvuani, mtu akabisha.

"Hodi," ikasema sauti ya kizee. "Mimi nakuja kuona dada yangu."

Na mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza bado, akaliachia ziwa, akageuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni... akacheka.