Vita Vilipokwisha Ndipo Wakahama

Jioni ile nilitoka kuchuma kisamvu tu. Nazi nilikuwa nimeshaikuna, na Farhan, mwanangu wa pekee, alikuwa amepiga simu kutoka Ukunda kusema anakuja na njaa. Shamba letu liko nyuma ya Msambweni, hapo mikorosho inapolitenga na la Mzee Anselmo.

Mzee Anselmo sikumpenda, nasema wazi. Alikuja na mkewe Rozalia miaka michache nyuma, wakanunua kile kipande. Ukiwauliza wametoka wapi, Msumbiji. Kilichowahamisha? Vita. Sasa mimi Dama sikusoma sana, lakini sidanganyiki kirahisi. Vita vya kwao vilikwisha kabla Farhan hajazaliwa. Na vilipokwisha walirudi kijijini kwao wakalima, Rozalia mwenyewe aliniambia, wakavuna hadi wakakosa pa kuweka. Ndipo wakahama. Wakaenda Mtwara, wakahama. Wakaja Jego, wakahama. Mkulima gani huyu anayekimbia mavuno?

Kisha hawasalimii. Nyumbani kwao ukipiga hodi utapewa kiti na maji, hilo siwanyimi. Lakini wakute shambani jua likiinama. Utasema masalkheri mpaka koo likauke, nao wanakukodolea macho usoni, kimya, mpaka waridhike ni wewe. Hapa kwetu ukimkuta mwenzio analima lazima umwambie pole na kazi, naye akujibu. Asiyejibu ana lake jambo. Nilishawanong'oneza majirani zamani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kikapu kilikuwa nusu niliposikia jembe.

Kwi... kwi... kwi...

Upande wa Mzee Anselmo. Mtu amenipa mgongo, ameinama, analima kwa jembe la mpini mfupi. Hewa ilinuka udongo mbichi, na masika ilikuwa bado. Chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, ya matambara yaliyoungua kisha yakaloa.

Nilidhani ni kibarua wao. Nikafurahi, nikasema leo nitapata siri zote za nyumba ile.

"Masalkheri," nikamwambia. "Pole na kazi."

Jembe likasimama.

"Ahsante, mama." Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye adabu. "Wewe walima wapi?"

"Papa hapa, ng'ambo ya mikorosho."

"Peke yako?"

"Na mwanangu, Farhan."

"Farhan..." akasema polepole.

Kabla sijauliza na mimi langu, mkono ulinikamata bega kwa nyuma. Alikuwa Mzee Anselmo. Mwanamume mtu mzima, si ndugu si mahramu, amenishika! Nilikuwa tayari kumvua nguo kwa maneno, lakini alinitangulia.

"Umesema naye?" akanong'ona.

Nikageuka nimwonyeshe kibarua wake.

Hapakuwa na mtu.

Na pale niliposikia jembe likiingia, ardhi ilikuwa kavu, ngumu, majani yote yamesimama. Adhana ya magharibi ikaanza kusikika kutoka barabarani. Nilimfuata mzee hadi kwake kwa sababu miguu yangu haikujua njia nyingine.

Rozalia aliposikia alijifunika uso kwa leso. Mumewe ndiye aliyesimulia, huku akitazama mlango. Kijijini kwao, wakati wa vita, mkulima mmoja alishukiwa kuwalisha wapiganaji wa upande wa pili. Aliuawa katikati ya shamba lake, na hakuzikwa. Amani ilipokuja watu wakarudi, wakaligawana shamba lile, wakalima juu yake. Ndipo akaanza kuonekana jioni, akilima. Aliyemsalimia na kumtajia shamba lake aliamka akakuta limelimwa lote. Watu wakashukuru Mungu. Mavuno yakawa hayana mfano. Kisha, siku ya kuvuna, kijana wa nyumba ile aliyemwitikia analala na haamki. Vita vilikwisha, wao wakaanza kuzika. Walizika wana wao wawili, Anselmo na Rozalia, ndipo wakahama. Lakini kila wanakokwenda huja akiwatafuta, ingawa hawezi kutia jembe katika ardhi ya mtu mpaka mwenyewe amsalimie na kumwonyesha.

Nami nilikuwa nimemwonyesha.

"Kijana wako asimjibu," mzee akasema. "Wewe umempa shamba. Kijana akimwitikia kwa kinywa chake, basi."

"Nani alimuua?" nikauliza.

Akatazama viganja vyake.

"Kila mtu kijijini alikuwa na jembe, mama Farhan."

Asubuhi Farhan aliniita kwa furaha. Shamba lote lilikuwa limelimwa, matuta yamenyooka kutoka mikoroshoni hadi njiani. Alidhani nimeweka vibarua bila kumwambia. Nilimweleza kila kitu, nikilia. Akacheka. Nikamwambia basi twende kwa mjomba wake Vanga, shamba tuliache. Akaniambia mama, watu wanauana kwa ajili ya ardhi, wewe wataka tuikimbie ikiwa imelimwa bure? Mvua iliponyesha akapanda mahindi.

Mzee Anselmo hakungoja mvua. Nilimkuta anapakia magodoro kwenye pikapu nikamwuliza wanakwenda wapi.

"Usiniulize. Ukijua, atakuuliza."

Rozalia alikuwa ameshakaa mbele. Aliniangalia mara moja tu, na wallahi sikuona huzuni katika macho yale. Niliona mtu aliyetua mzigo. Tangu siku ile jambo moja linanikera usiku na mchana: kama walijua anakuja, kwa nini hawakunionya? Miaka yote ile ya kunyamaza mikoroshoni, walikuwa wakijilinda, au walikuwa wakimngoja jirani mwenye mdomo? Sijui. Namwomba Mungu anisamehe dhana mbaya, lakini sijui.

Mahindi yetu yakawa marefu kuliko ya mtaa mzima, nasi hatukuyapalilia hata siku moja. Majirani wamekata mguu kwangu. Hafswa, niliyekuwa nikisengenya naye kila jioni, sasa akiniona huvuka barabara. Najua wanayosema, maana ndiyo niliyokuwa nikisema mimi.

Jana, jua likiinama, nilimfuata Farhan shambani kumhimiza arudi. Alikuwa anakagua mahindi, anatabasamu. Ile harufu ikanifikia kwanza, ya matambara. Kisha sauti, kutoka ndani kabisa, mahali mabua yamesongamana.

"Masalkheri, jamani."

Nilimshika Farhan mdomo. Akautoa mkono wangu taratibu, kwa aibu ya mtoto ambaye mama yake anamtia haya mbele za watu. Nitamlaumu vipi? Tangu alipojua kusema nilimfundisha kwamba mkubwa hasemi akaachwa bila jibu, na alipokosea nilimchapa.

"Shikamoo, mzee," akasema mwanangu.

Mabua yakatikisika kidogo, na upepo haukuwapo.

"Marahaba, Farhan."

Mahindi yameshakauka. Kesho alfajiri anataka tuanze kuvuna.