Vigae vya Kituo cha Mabasi

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, basi lilikuwa limetulia. Abiria walisinzia, jua lilipita madirishani kwa upole, na fundi vigae alikuwa ameegemeza kichwa, miguu imemvimba kwa safari ya tangu jana. Ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa dada yake, kutoka hospitalini.

"Kaka, wamebadilisha muda. Mama anaingia chumba cha upasuaji saa nne hii, si jioni tena."

Fundi akakaa wima. Mama yao alibakiwa na jicho moja, na hilo nalo lilikuwa na uvimbe mbaya. Madaktari walisema litolewe kabla halijamtoa roho. Mama hakubishana nao. Aliomba kitu kimoja tu: auone uso wa mwanawe kabla ya kuingia gizani.

"Basi halitafika mapema," alisema fundi.

"Ndiyo maana nasema upige kwa video. Una bando?"

"Tunakaribia kituo kikubwa. Pale kuna waifai ya bure."

"Kaka, nunua bando, nakuomba. Leo tu."

"Usihangaike. Itashika."

Niwaambieni kidogo habari za mtu huyu. Mafundi wenzake walimwita Bwana Bure. Hakuwa maskini hata kidogo. Lakini akifika kwa mwenye nyumba, kabla hajauliza simenti iko wapi, huuliza paswedi ya waifai. Kazi ikiisha, huondoka na paswedi kichwani, na miezi baadaye utamkuta nje ya ukuta wa nyumba ile ile, simu juu, anatafuta mtandao. Watu walicheka, naye akacheka nao. Mama yake ndiye ambaye hakucheka, kwa kuwa alisubiri wiki mbili, tatu, mpaka mwanawe apate ukuta wa kusimama kando yake ndipo ampigie.

Basi liliingia kituoni saa tatu na nusu. Fundi alishuka wa kwanza, akapata pembe karibu na kibanda cha mama mmoja aliyeuza vocha. Waifai ilionekana. Ukurasa ukafunguka, ukataka namba ya simu. Akaiandika. Ukataka msimbo wa ujumbe mfupi. Msimbo haukuja. Akaomba mwingine. Ikaja miwili kwa pamoja, naye akaingiza wa kwanza, ukakataliwa.

"Weka bando la siku, baba," mama wa vocha alimwambia. "Bei ya soda. Hiyo ya bure hutuchosha hata sisi tunaoshinda hapa."

"Asante mama, inakaribia kushika."

Saa nne kasoro kumi, ikashika kweli. Simu ikatetemeka mkononi kama imepagawa: video za vichekesho za kundi la mafundi, zilizolala siku kumi na mbili zikingoja mtandao, zilianza kujipakua zote kwa mpigo. Akapiga huku zikimiminika. Kiduara kikazunguka na kuzunguka. Hatimaye akasikia sauti ya dada, imekatikakatika.

"Kaka... mama yuko hapa... jionyeshe!"

Kwa haraka, na kwa mazoea ya kuwaonyesha wateja kazi, kidole chake kikaigeuza kamera itazame chini. Kabla hajairudisha, picha ikaganda. Halafu mtandao ukapotea.

Alizima, akawasha. Alizunguka nguzo. Mlinzi akamwambia asizibe njia. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na saa ya ukutani haikumhurumia. Alirudi kibandani akikimbia.

"Mama, nipe hilo bando!"

Bando lilipoingia, akapiga tena, na simu ikapokewa mara moja. Dada alikuwa peke yake kwenye korido.

"Wameshamchukua, kaka."

Alifika hospitalini jioni, vumbi limemjaa. Mama alikuwa amelala, bandeji imemzunguka kichwa. Aliposikia hatua zake, akanyoosha mkono, akaanza kumpapasa: paji, pua, kidevu kisichonyolewa.

"Umekonda."

"Nisamehe, mama. Hukuniona."

"Niliona vigae," mama alisema taratibu. "Mstari mmoja, vimekaa sawasawa. Nikawaambia manesi, hiyo bila shaka ni kazi ya mwanangu."

Vigae vile vya sakafu ya kituo havikuwa kazi yake. Wala havikuwa sawasawa. Kimoja kilikuwa kimevunjika pembe. Fundi aliufunika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akalia bila sauti ili asisikiwe.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni kazi yangu."

Funzo

Wasomaji wangu, sijawaandikia haya ili mchukie waifai ya bure. Itumieni mkiipata. Lakini mtu aliyezoea kuwapa watu wake kile tu kisichomgharimu, siku ya haja atawakosa, na haja haipangi foleni kituoni kungoja msimbo. Mama huyu hakuomba zawadi wala nyumba. Aliomba dakika moja ya uso wa mwanawe, na dakika hiyo ilikuwa bei ya soda. Kama una mzazi anayesubiri sauti yako, usisubiri ukuta wa jirani. Mpigie leo, kwa gharama yako mwenyewe.