Mtihani Uliobaki Ndani ya Mashine

Kila jioni baada ya kengele ya mwisho, Chesang alitia vitabu vyake katika mfuko wa nailoni na kushika njia ya mjini Kitale. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye chumba cha uchapaji cha Bwana Gicheru, alikofanya kazi mama yake, Chepkemei. Huko alifagia, akapanga karatasi na kuosha vikombe. Kazi ilipokwisha, mama na binti walirudi pamoja nyumbani Kibomet, ambako Nyanya alikuwa ameshasonga ugali na kufunika mboga.

Kwa miaka mingi Chepkemei alikuwa akichapa kwa taipureta. Walimu walipoleta mtihani, aliuchapa kwenye karatasi ya nta iitwayo stensili, nakala zikatolewa, kisha stensili zikachomwa nyuma ya jengo huku mwalimu akitazama mpaka ziwe jivu. Lakini mwaka huo wa 1993 Bwana Gicheru alinunua kompyuta. Sasa kosa lilirekebishwa bila kuchafua karatasi, na kazi ya siku nzima ikamalizika kabla ya chakula cha mchana. Walimu walianza kuja hata kutoka Bungoma.

Chepkemei alikuwa amefundishwa kuitumia kwa siku chache tu. Aliigusa kwa woga, kama mtu anayeepua sufuria ya moto bila kitambaa. Chesang, ambaye hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kutazama begani kwa mama yake. Mara nyingi ni yeye aliyenong'ona, "Mama, hujahifadhi."

Muhula wa pili, shule kadhaa za Kitale na Bungoma ziliamua kufanya mtihani mmoja wa majaribio kwa darasa la nane. Karani wa kamati hiyo alikuwa Mwalimu Khaemba, aliyemfundisha Chesang hesabu katika darasa hilo hilo. Alileta karatasi zake mwenyewe, akaketi kando ya Chepkemei mlango ukiwa umefungwa, na kazi ilipokwisha akauliza, "Mama Chesang, kila kitu kimefutwa?"

"Nimefuta kwa mkono wangu, Mwalimu. Angalia, hakipo."

Mwalimu aliinama, akaangalia, akaridhika.

Chesang alikuwa mzuri katika masomo yote isipokuwa hesabu. Mwalimu Khaemba alikuwa amemwambia awe akifika shuleni mapema asubuhi ili amsaidie. Alikwenda mara mbili, kisha akaona baridi ya asubuhi na usingizi vinamshinda, akaacha. Sasa mtihani ulikuwa umekaribia, na kila alipofungua kitabu cha hesabu aliona namba zikimkodolea macho.

Siku moja mama yake alitoka kwenda posta. "Angalia duka, sitakawia," alisema. Chesang aliketi mbele ya kompyuta na kuanza kupitia majina ya kazi zilizohifadhiwa humo, moja baada ya jingine. Katikati ya barua za watu aliona neno HESABU, nyuma yake kukiwa na herufi mbili asizojua maana yake. Akabonyeza.

Maandishi ya kijani yalitokea kwenye skrini nyeusi. Swali la kwanza. La pili. La tatu. Mama alikuwa amefuta kweli, lakini mashine ilikuwa na tabia ya kujiwekea nakala ya pili kila kazi ilipohifadhiwa, endapo umeme ungepotea. Nakala hiyo mama hakuijua.

Chesang aliutambua mtihani wao. Angeweza kuifunga pale pale na kumwambia mama arudipo. Badala yake alitia karatasi kwenye printa. Mashine ilikereza kwa sauti kama ya msumeno, na kila mstari ulipotoka Chesang aligeuka kutazama mlango. Mama aliporudi, karatasi zilikuwa tayari zimekunjwa ndani ya soksi.

Alimwambia mtu mmoja tu, rafiki yake Nekesa, aliyekaa naye dawati moja.

"Ati umepata nini?" Nekesa alishangaa. "Si unipe na mimi nione!"

"Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu."

"Haki ya Mungu. Kwani mimi ni mtoto?"

Jumamosi hiyo Nekesa alikwenda kwao Naitiri, upande wa Bungoma, akiwa na baadhi ya karatasi alizopewa na Chesang. Huko kulikuwa na binamu yake, naye alikuwa darasa la nane. Binamu naye alikuwa na rafiki.

Siku ya mtihani wa hesabu, katika shule moja upande wa Naitiri, msimamizi alishangaa kuona wanafunzi wakimaliza kabla ya nusu ya muda. Alipopita katikati ya madawati aliokota karatasi iliyoanguka. Ilikuwa na vitundu ukingoni, ile karatasi ndefu ya kompyuta, na herufi zake zilifanana kabisa na za mtihani uliokuwa mezani. Kabla jua halijatua, habari ilikuwa imefika hadi Bumula kwamba mtihani umeibwa, na kila mtu alijua umechapwa wapi.

Kesho yake Chesang alipofika mjini alikuta watu wamejazana mlangoni kwa Bwana Gicheru. Polisi wawili kutoka Bungoma walikuwa wakibeba kompyuta, mmoja akiwa amekumbatia skrini kama mtoto. Bwana Gicheru alikuwa akipiga kelele.

"Chepkemei, mimi nilikuamini! Umeuza jina langu!"

"Nilifuta, Bwana Gicheru," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifuta mwenyewe, Mwalimu akiona."

"Basi karatasi imetoka mbinguni? Mwizi wewe!"

Mama alimwona Chesang katikati ya watu. Akavua leso yake na kumpa. "Nenda kwa Nyanya. Mwambie nitarudi." Kisha akapanda gari la polisi. Gari liliondoka, naye Chesang akabaki ameishika leso.

Mama hakurudi jioni ile, wala siku iliyofuata.

Nyumba ilibadilika. Nyanya alipika, lakini hakuna aliyekula. Kabla ya kulala alipiga magoti kando ya kiti na kumwomba Mungu kwa sauti. "Baba, wewe unamjua aliyefanya jambo hili. Hata akiwa mtu mkubwa, mtoe hadharani, binti yangu arudi." Chesang, aliyekuwa amepiga magoti kando yake, hakuweza kusema amina.

Alizichoma jikoni zile karatasi alizobaki nazo, akakoroga jivu kwa kijiti. Haikusaidia kitu. Shuleni, watoto wa darasa la nane waliambiwa kwamba mtihani wote umefutwa, na baadhi yao walilia. Wengine walimnyooshea Chesang kidole: "Mama yake ndiye aliyeuza." Wakati wa mapumziko Nekesa alimvuta nyuma ya darasa, macho yamemtoka.

"Chesang, usithubutu. Ukisema, sisi wote tumekwisha."

"Na mama yangu?"

"Watamwachilia tu, bana. Si hakufanya kitu?"

Chesang alitamani sana kuyaamini maneno hayo. Lakini siku zilikwenda na mama hakuachiliwa. Usingizi ulimkimbia. Alikonda. Alifikiria kutoroka aende kwa shangazi yake mlimani Elgon, kisha akamfikiria Nyanya akibaki peke yake. Kila njia aliyoiangalia ilikuwa imezibwa, isipokuwa moja, na hiyo ndiyo aliyoiogopa kuliko zote.

Siku ya tano Nyanya alikwenda Bungoma kumwona mama. Alirudi jioni akiwa amechoka, miguu imejaa vumbi, akaketi kitandani bila hata kufungua kitambaa cha kichwa.

"Amepungua," alisema. "Walimvua viatu. Anakaa kwenye sakafu baridi, na kifua kimeanza kumsumbua."

"Amesema nini, Nyanya?"

"Amekutaja wewe tu. Ati, 'Mwambieni Chesang asome. Mambo yangu yasimchanganye kichwa. Mtihani utarudiwa, nataka apite.'"

Chesang alitoka nje. Alishika nguzo ya jiko. Kisha alilia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Mwalimu Khaemba.

"Mwalimu, ni mimi niliyetoa mtihani. Si Mama."

Mwalimu aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma, jambo lililomchoma Chesang zaidi ya kiboko. "Mwanangu, najua unampenda mama yako. Lakini usijibebeshe kosa lisilo lako. Mimi mwenyewe niliona akifuta."

"Alifuta moja, Mwalimu. Mashine ilikuwa na nyingine. Nipeleke mahali mashine ilipo, nitakuonyesha."

Mwalimu aliinuka. Kisha akachukua koti lake.

Bwana Gicheru ndiye aliyewapeleka Bungoma kwa pikapu yake. Chesang aliketi katikati ya watu wazima wawili, akitazama mashamba ya mahindi yakirudi nyuma, na kila kilomita alitamani gari liharibike.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza katika chumba cha nyuma cha kituo, imefunikwa gunia. Sajini aliyeshughulikia kesi hiyo alisikiliza maneno ya Mwalimu huku akikuna kidevu.

"Huyu mtoto? Hapa hakuna hata mtu anayejua inawashwa wapi."

"Afande, mpe nafasi," Mwalimu Khaemba alisema. "Na mama yake awepo."

Mama aliletwa. Alikuwa bila viatu, nywele zimevurugika, na alikohoa kabla ya kuingia. Alipomwona Chesang uso ulimng'aa. "Mwanangu! Nani amekuleta huku? Hukwenda shule?"

Chesang aligeukia meza. Alibandua gunia na kuiwasha mashine. Alikosea mara mbili. Sajini, Mwalimu na Bwana Gicheru walisimama nyuma yake. Majina yalijipanga kwenye skrini. Alishuka taratibu mpaka kwenye neno HESABU na zile herufi mbili, akabonyeza. Swali la kwanza likatokea. La pili. La tatu.

"Lakini nilifuta!" Mama alisema.

"Ulifuta, Mama. Hii ni nakala ambayo mashine ilijiwekea. Niliiona siku ulipokwenda posta. Nikaichapa. Nikampa Nekesa. Nilipowaona wakikuchukua, nikanyamaza."

Bwana Gicheru alivua kofia. Mama aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Hakupiga kelele. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika, na Chesang alitamani achapwe kuliko kuyaona mabega yale.

Sajini aliandika maelezo. Alimkemea Chesang kwa ukali, akamwambia kwamba angekuwa mtu mzima angelala ndani siku hiyo. Kisha akaamuru Chepkemei arudishiwe viatu vyake.

Nekesa naye aliitwa na mwalimu mkuu, akakiri. Wasichana hao wawili walisimama mbele ya shule nzima na kueleza walichofanya, kisha kwa wiki kadhaa walibaki jioni kulima shamba la shule. Wenzao waliorudia mtihani kwa sababu yao hawakuwasemesha, na hilo lilikuwa zito kuliko jembe. Kamati nayo ilijifunza. Tangu hapo mitihani ilihifadhiwa kwenye diski ya peke yake, iliyofungiwa kabatini kwa kufuli, na nakala za mashine zilitafutwa na kufutwa zote.

Bwana Gicheru alikuja Kibomet mwenyewe. Alikataa kiti mpaka aliseme lililomleta. "Chepkemei, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya mama yako. Kazi yako ipo." Nyanya alimkaribisha chai, na mama akakubali.

Kwa Chesang mama hakuwa mwepesi hivyo. Alimpa chakula, akamfulia sare, lakini maneno yalikuwa machache. Chesang hakulalamika. Alianza tena kuamka mapema, baridi ikimuuma masikio, kwenda kwa Mwalimu Khaemba. Mwalimu hakumkumbusha yaliyopita. Alimwandikia hesabu ya sehemu ubaoni na kusema, "Anza hapa." Chesang alikosea, akafuta, akaanza upya.

Mtihani wa hesabu uliporudiwa, Chesang alipata alama hamsini na mbili. Nekesa alipata chini ya hapo. Jioni hiyo Chesang aliiweka karatasi mbele ya mama yake na kusimama kando, akiangalia miguu yake.

Chepkemei aliisoma yote, swali baada ya swali, hata yale yaliyotiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Kisha akamvuta Chesang na kumketisha karibu naye, kwa mara ya kwanza tangu Bungoma.

"Nilikuwa naiogopa ile mashine," alisema. "Nilidhani ndiyo iliyoniponza. Lakini mashine haina kosa. Ilihifadhi kwa sababu kazi yake ni kuhifadhi. Zitakuja nyingine zenye akili kupita hiyo, zitaandika na kunakili haraka kuliko unavyopepesa macho, nawe utazijua kuliko mimi. Lakini hakuna itakayokuambia lipi ni lako na lipi si lako. Hilo utaliamua wewe, hata ukiwa peke yako dukani. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajavuliwa viatu kwa ajili yako."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe." Aliikunja karatasi vizuri na kumrudishia. "Alama hizi ni chache, nawe utaziongeza. Lakini ni zako. Leo mtu yeyote akibisha mlango huu, polisi au mwalimu, nitaamka na kumfungulia bila kuuliza anataka nini, maana hatuna cha kuficha."